Mama na Neno la Mwavuli

Mama,

Ulisema kweli. Naliandika hilo kabla hata ya salamu, maana nimelibeba kutoka Londiani mpaka hapa Kericho, na nikikawia litanipasua kifua.

Unalikumbuka lile darasa la Kiingereza la wanawake, Jumamosi alasiri, kanisani karibu na kambi ya wachuma chai. Mimi mwanao ndiye mwalimu, na shati umenipigia pasi wewe. Ulikuja moja kwa moja kutoka sokoni, unanukia samaki wakavu, ukakaa benchi la mbele. Nikaandika ubaoni ambrela, nikasema Waingereza walilitunga wenyewe kwa sababu kwao mvua haikatiki, kama hapa kwetu. Ukainua mkono. Ulisema hapana: kwa Kiswahili ni mwavuli, na ndani yake kuna kivuli, kwa hiyo hata hilo la Wazungu lazima lilitoka kwa watu wanaochomwa na jua. Ulijua unachosema. Kule ziwani, kabla Baba hajapata kazi kiwandani huku, uliuza samaki miaka mingi chini ya mwavuli wako mweusi, na kazi yake ilikuwa jua tu.

Nami nikasema, mbele ya wote, "Mama, hapa si soko la samaki."

Walicheka. Nilicheka nao. Jumamosi iliyofuata hukuja, wala ile nyingine. Hukunilaumu hata siku moja. Uliendelea kuniletea samaki na kuniuliza kama nakula. Nikawa najiambia nitakuomba msamaha kesho, kesho. Kisha kifua kikakubana, na baada ya siku nne... basi, tukakuzika.

Sasa sikia. Jumanne nilikwenda stesheni ya Londiani kuchukua sanduku la vitabu. Mvua ikatufungia chini ya paa, mimi na padri mmoja mzee, Mwitaliano, anayengoja gari moshi. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko hata changu. Alikuwa na mwavuli mkubwa, nami sijui nini kilinisukuma, nikamuuliza kama anajua Waingereza walilipata wapi lile jina. Uso wake ukang'aa kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani.

"Hilo ni letu," akasema. "Ombra ni kivuli. Ombrella ni kivuli kidogo. Waingereza walikuja kwetu wakatukuta tunajikinga jua, wakalichukua. Mvua waliiongeza wenyewe."

Nilisahau kwamba ni padri, nikamkumbatia. Alipouliza kuna nini, nilimweleza habari zako zote, hata lile nililokutamkia. Hakunikemea. Aliuliza tu ulisomea wapi. Nikamjibu kwamba hukusoma. Akavua kofia.

Jumamosi niliandika tena neno lile ubaoni, na chini yake nikaandika kivuli. Niliwaambia wanawake kwamba nilikosea, na kwamba nilimvunjia heshima mama yangu mbele yao, naye ndiye aliyekuwa sawa. Halafu Rusi, rafiki yako muuza ndizi kutoka Kisii, akapiga kigelegele, wengine wakapokea, mpaka karani wa kiwanda akaja kuchungulia akidhani kuna harusi. Niliangua kicheko huku machozi yakinitoka. Tangu hapo hawanyamazi, Mama. Rusi anataka kujua kila neno limetoka wapi, na somo halimaliziki. Sijawahi kuwa na darasa tamu hivi.

Baba anakula vizuri. Mke wangu Dorika ana mimba ya miezi sita, na mtoto akiwa msichana ataitwa jina lako. Baba ameshaanza kumwita hivyo, hata hatujui kama ni msichana.

Pumzika, Mama yangu. Nisamehe, na ufurahi pamoja nasi. Nakuahidi hili: mwanamke yeyote akitaka kusema darasani kwangu, nitaweka chaki chini na kumsikiliza mpaka amalize.

Mwanao,
Elisha