Chembe Ndani ya Beseni

Baba,

Taya la Mama Sifa limepona. Nimetaka usikie hilo kabla ya habari nyingine zote, kwa sababu najua uliondoka nalo moyoni. Mara tatu alivuka ziwa kutoka Ubwari na jipu lilelile chini ya shavu. Mara tatu ulilipasua, ukamchoma penisilini siku tano, uvimbe ukashuka, akarudi kwa samaki zake. Na mara tatu likaota tena. Hata homa ilipokushika, bado uliniuliza: "Yule mama wa taya, hajarudi?"

Alirudi wiki sita baada ya kukuzika. Kisu kilikuwa mkononi mwangu sasa. Mke mwenzake, Riziki, ndiye aliyempigia kasia, lakini alibaki nje ya dispanseri, hakuthubutu kuingia. Mume wao alikuwa ameapa kwamba jipu likitoka tena, Riziki atarudishwa kwa wazazi wake. Ndugu wote walisema, "Hii hapana ugonjwa, hii iko ya kutumiwa," na mtumaji wa uchawi huo walimwona ni Riziki.

Baba, nilikosea. Ulinifunza kushika kitambaa cha kompresi chini ya kisu, usaha usidondoke popote, na kuitupa motoni palepale. "Usaha haulale mu nyumba yangu," ulikuwa unasema, na sijamjua mtu safi kuliko wewe. Lakini siku ile nilivaa aproni yako. Ilikuwa bado na harufu ya sabuni yako, nikainamisha uso kuinusa, nikasahau kompresi. Usaha ukamwagikia kwenye beseni la maji yaliyochemshwa. Nikaliacha pale, nikafunga jeraha, nikatoka nyuma ya nyumba, nikalia kidogo.

Niliporudi kulimwaga, maji yalikuwa yametulia. Chini kulikuwa na chembe za manjano, ndogo kama mchanga unaobaki tukisuuza ulezi. Usaha hauna mchanga. Nikafanya kama Mama anavyofanya jikoni: nikazungusha, nikamwaga taratibu, nikaongeza maji, nikazungusha tena, mpaka zikabaki chembe peke yake. Nikaponda moja kati ya vioo viwili, nikaitia rangi ya zambarau kama ulivyonionyesha, nikainamia mikroskopi yako. Nyuzi, Baba. Nyuzi nyembamba zenye matawi, zimefumana kama mizizi ya matete.

Daktari alipopita kutoka Uvira alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema yeye mwenyewe amekiona kitu hicho mara moja tu. Ni kijidudu kinachoishi katika midomo yetu sote bila kutudhuru. Kwa Mama Sifa kilipitia mahali alipong'olewa jino sokoni, kikashuka kwenye nyama. Penisilini inakiua, lakini polepole, kwa miezi. Kwa hiyo dawa yako ilikuwa ndiyo yenyewe. Siku ndizo zilikuwa chache.

Nikamwita Riziki, aliyekuwa bado akingoja nje, aingie. Niliwaeleza wote wawili kwamba hakuna aliyekituma. Mama Sifa alikuwa nacho mdomoni tangu utoto. Mama Sifa akachungulia chembe zile. "Kumbe munanilimia bulezi mu taya? Na mavuno ni ya nani?" Riziki akacheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikageuka machozi. Mume alipokuja, nilimweka yeye pia mbele ya mikroskopi. Alipoinua kichwa hakutazama mtu. "Basi, Riziki abaki hapa amupikie mwenzake," alisema. Akabaki, miezi yote ya sindano. Wiki iliyopita waliondoka pamoja katika mtumbwi mmoja, wakigombana nani apige kasia.

Nimejiuliza kama chembe zile zilikuwepo tangu kompresi yako ya kwanza, zikaungua. Nadhani zilikuwepo. Wazo hilo lilinisumbua siku nyingi, kisha likatulia kama maji yale. Bila wewe nisingejua usaha wa kila siku ulivyo, na nisingeshangaa kuona mwingine.

Mama ni mzima. Amepanda mihogo katika shamba la kule Fizi, na ananiuliza kwa nini siku hizi natabasamu nikisuuza ulezi.

Lala salama, Baba. Kompresi nazichoma bado, zote, siku ileile. Ila kwanza nazisuuza katika glasi, nangoja maji yatulie, natazama chini. Nakuahidi hivyo kwa kila jipu nitakalolipasua.

Binti yako,
Mwavita