Jenereta Iliyoondoka na Besi

Shikamoo Fundi, ingawa najua leo hutaitikia.

Tangu tukuzike, kibanda chako pale Tunduma kinauza chipsi. Nilipopita nilinuna kama mtoto. Muuza chipsi hana kosa, lakini nilinuna.

Nina jambo la kuungama. Mimi uliyenifundisha redio kwa mikono nimekuwa mwalimu wa chaki. Chuoni nafundisha kuchakata mawimbi ya sauti, na muhula mzima niliwajazia wanafunzi hesabu ubaoni. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, hadi mkuu wa idara akasema wakizidi kupungua darasa litafungwa. Kisha Atupele, binti wa kijiji cha Ibaba, mwenye akili kuliko wote, akaniletea barua ya kuacha masomo. "Mwalimu, unisamehe. Sijui hata tunachokihesabu ni nini."

Iliniuma, Fundi. Nikakumbuka siku yangu ya kwanza kwako: ulinishika kidole ukakigusisha kwenye waya wa amplifaya, spika ikanguruma, nikaruka. Ukacheka. "Umesikia? Haya, sasa tuongee."

Nikamwomba Atupele anivumilie wiki moja. Nikatoa kabatini bodi ndogo za kielektroniki za kuchakata sauti, zilizokuwa zinakula vumbi kwa sababu niliogopa wangeziunguza. Nikawaambia kila mtu alete sauti ya kwao. Atupele alileta kwaya ya kanisani kwao, imerekodiwa huku jenereta ikiunguruma pembeni. Akahangaika na bodi siku mbili, akaikata ile ngurumo. Tukasikiliza: jenereta kimya, na besi nazo hakuna! Wanaume wa Ibaba wote wamefyekwa, wamebaki akina mama peke yao. Darasa lilicheka hadi machozi. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, kwa nini na besi zimeondoka? Ile hesabu ya juzi, hebu iandike tena."

Iandike tena! Niligeukia ubao haraka wasinione ninavyolia.

Jana alikuja kuichukua barua yake, akaichana mbele yangu. Wawili kati ya walioondoka wamerudi, na darasa tumeachiwa. Wanafunzi wakaniuliza nilijifunza wapi kufundisha hivi. Miaka yote nimekuwa nikijibu "chuo kikuu," kwa aibu ya kijinga tu. Safari hii nilisema: kwenye kibanda cha fundi redio, Tunduma. Nikalitaja jina lako lote.

Wanafunzi wapya wakija, watashika bodi kabla sijashika chaki. Naahidi. Pumzika, Fundi. Ulistahili kulisikia jina lako ukiwa hai.

Mwanafunzi wako,
Neema