Kanga Zisizochuja

Mwanamize, kitu cha kwanza nilichokiona ni shingo ya Bi Fakhriya. Ilikuwa buluu.

Buluu, shoga! Yeye mwenyewe, mkubwa wa chama cha wanunuzi, aliyetupitia nyumba kwa nyumba hapa Mkoani: "Msinunue kanga za Mwatum, zinachuja. Nendeni kwa mkwe wangu Turki, zake tumezijaribu."

Tukenda sote. Leo harusini kwa Shariffa tulivaa sare moja. Mvua ikatukuta njiani, kidogo tu, tukawa kama tuliotumbukizwa kwenye nili.

Moza akamuuliza mbele za watu, "Bi Fakhriya, ndizo hizi mlizozijaribu?"

Unajua alijibu nini? "Mvua ya mwaka huu ina maji makali." Maji makali! Mvua ya Mungu! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nilikaa barazani kwa Mwatum, tulikokimbilia mvua ilipotukuta. Mjane wa watu, tangu mfungo mosi hajauza hata kanga moja, na cherehani yake keshaiuza apate kula. Hakutucheka. Aliingia ndani, akaniletea kanga kavu nijifunge.

Pilau ya harusi sikuila.

Sijamwambia mtu, nakwambia weye. Siku ya kujaribu, mabeseni niliyashika mimi. Maji ya kanga za Mwatum yalibaki safi. Ya Turki yaligeuka buluu. Bi Fakhriya akaniambia, "Mwaga, mwanangu, na unyamaze." Nikamwaga, nikanyamaza.