Uzi wa Nahimana

Kaniha, 4 Juni 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Huku tu wazima, pacha wote watano wananyonya na kulia kwa zamu. Nakuandikia kwa kuwa simu anashinda nayo mume wangu Projestus, na hili sitaki alisikie.

Jana watu wa kamera walirudi. Nikiwa jikoni nakoroga uji, dada mmoja wao akawavisha watoto nguo za sare walizoleta, na ule uzi mweusi wa Nahimana akaukata mkononi, eti unaharibu picha. Mama, wavulana wangu watatu nawajua. Lakini Nahimana na Avelina, bila uzi, siwezi kuwatofautisha. Naona aibu hata kuandika.

Nahimana alishabatizwa hospitalini, tulipodhani anatutoka. Jumapili ijayo wanabatizwa wanne waliobaki, na watu wa redio watakuwepo. Mtu habatizwi mara mbili, sasa kati ya hawa wawili nimpeleke nani kwa Padre? Njoo, mama.

Mwanao,
Priscila

Mugoma, 7 Juni 2023

Mwanangu Priscila,

Marahaba. Mguu unauma lakini unatembea. Acha kulia, watoto wanahitaji maziwa. Nakuja Jumamosi. Mimi ndiye niliyewaogesha tangu watoke hospitali, nitamjua tu.

Mama yako

Kaniha, 15 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Wageni wameondoka, nyumba imetulia. Uliponyanyua mtoto ukasema, "Huyu ndiye Nahimana," nilimshukuru Mungu. Nimemfunga uzi mwingine, safari hii mguuni.

Ila kuna jambo linanisumbua. Kama ulimjua, mbona Padre aliwamwagia maji wote watano?

Mwanao,
Priscila

Mugoma, 20 Juni 2023

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika salama, ila vumbi la njiani lilinikomesha.

Kwa kuwa umeuliza, sikufichi. Sikumjua. Niliwageuza, nikawanusa, nikawatazama masikio, wapi. Nikainua macho nikakuona umesimama mlangoni umekonda, unanisubiri niseme neno. Nikamnyanyua aliyekuwa karibu.

Kesho yake, kabla ya misa, nilimweleza Padre yote. Alicheka kwanza. Kisha akasema Kanisa lina maneno yake kwa mtoto asiyejulikana kama amebatizwa, atawasomea wote wawili kwa sauti ya chini. Kwa Mungu hakuna aliyepotea, alisema.

Basi huyo uliyemfunga uzi ndiye Nahimana. Mwite hivyo kila siku, ukimnyonyesha, ukimwogesha, na mwenzake mwite Avelina. Wataitika.

Mama yako