Sala ya Zizini

Nyasura, Jumamosi, 1984

Kwani kuingia zizini kungenigharimu nini?

Leo tumemzika Mzee Magesa, rafiki yangu wa kwanza tangu nihamie huku, kwa shuka kuukuu maana madukani hakuna sanda. Mjane wake alinisihi niombe katikati ya ng'ombe wa marehemu, kama ilivyo desturi yao. Nikakataa, maana katika chuo cha Biblia nimefundisha miaka yote kwamba huo ni upagani.

Mchungaji kijana wa kanisa letu, mzaliwa wa hapa, akavua viatu, akasimama kwenye samadi, akamshukuru Mungu kwa Magesa na mifugo yake. Watu wakalia, wakaimba.

"Pumzika tu, baba," mjane akaniambia. "Tumekuwaga na wewe siku nyingi. Sasa tumempata wa kwetu."

Wa kwetu! Mimi sijawahi kuitwa hivyo.

Nimepiga magoti niombe wivu huu uniondoke. Nimejikuta naomba kijana ahamishwe.