Aliyeshona Kiatu cha Swala

Nyumba ya kijani, nyuma ya stesheni,
Jovellanos, Matanzas.
8 Machi 2009.

Mpendwa mwanangu Yanelys,

Salamu zangu zikufikie huko Valencia ukiwa mzima, wewe na mumeo Vicent na huyo mdogo wetu. Je, kile kikohozi kimekuacha? Mtoto ameota meno? Usimpake pombe kwenye ufizi hata akilia vipi. Tulifanyiwa hivyo sisi, na wewe unajua tulivyotoka.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua kukiwa na unyevu, lakini bado linanibeba. Kilichochafuka ni roho. Nimekuwa na kichefuchefu wiki tatu sasa na hakuna chakula nilichokula cha kukisababisha.

Umeniandikia kwa furaha kwamba umesikiliza redio ya huku kupitia kompyuta yako, ukamsikia ndugu yetu Gaudencio akisimulia alivyoshona kiatu cha Nicanor Bastida katikati ya mchezo. Ukauliza kwa nini sisi wazee hatukuwahi kukuambia kwamba ukoo wetu una mtu mashuhuri namna hiyo. Nilikuwa nakunywa kahawa, mwanangu. Nikaimwaga kwenye sinki, na kahawa huku si kitu cha kumwaga.

Ukoo wetu unaye mtu huyo. Ila si Gaudencio.

Wewe hukuwa umezaliwa, na baba yako, mdogo wangu, Mungu amrehemu, alikuwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 1967. Babu yako Evaristo alinipandisha kwenye lori la kiwanda cha sukari, tukaenda mjini Matanzas kutazama besiboli. Alikuwa amevaa shati lake la misa, na mfukoni alikuwa na msharasi wake wa kushonea viatu, uzi na kibonge cha nta, kama kawaida yake, maana alikuwa fundi viatu. Hata mazishini alikwenda navyo.

Nimewaona wakubwa wa mchezo ule kwa macho yangu, Yanelys, si kwa kusimuliwa. Nilimwona Leovigildo Arango, mrushaji ambaye mpira wake uliusikia kabla hujauona. Nilimwona yule kipande cha mtu, Mulet, akiupiga mpira ukavuka ukuta, ukavuka barabara, ukaangukia shuka za mwanamke aliyekuwa akianika. Lakini hao uliwatazama ukiwa umekaa. Bastida, tuliyemwita Swala kwa mbio zake, ulimtazama ukiwa umesimama, na hukujua ulisimama saa ngapi.

Siku ile mchezo ulikuwa sare na jua limeanza kuteremka. Swala aliupiga mpira, akazunguka mbio mpaka kituo cha tatu. Kilibaki kimoja tu, cha nyumbani, timu yake ishinde. Aliposimama, soli ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imeachama kama mdomo wa mamba. Viatu vile vya meno ya chuma vilikuwa adimu miaka hiyo, na mguu wake ulikuwa mrefu kama kasia, hakuna mwenzake wa kumwazima. Kocha akaanza kumpungia mkono atoke, aingie mwingine.

Tulikuwa tumekaa pale pale, kwenye uzio wa kituo cha tatu. Babu yako akasimama.

"Kijana! Usitoke. Lete hicho kiatu."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mtu mwenye msharasi. Unataka jina langu au unataka kiatu?"

Watu wakaangua kicheko. Swala akaja akirukaruka kwa mguu mmoja, akapitisha kiatu juu ya uzio. Babu yako akakiweka gotini akaanza kazi. Mimi nilishika uzi na kuupaka nta. Mwamuzi alikuja akifoka, kocha wa wapinzani akafoka, na huko juu jukwaani mtu akapiga ukelele, "Fundi, unashona kiatu au gauni la bibi harusi?" Babu yako hakuinua kichwa. "Bibi harusi angenyamaza," akasema.

Swala akakivaa, akakanyaga chini mara mbili, akarudi kituoni. Basi mrushaji alipoinua mguu wake ili arushe, Swala alikuwa ameshaondoka. Hakusubiri mtu aupige mpira. Alikimbia kuelekea nyumbani akishindana na mpira wenyewe, akajitupa chini kwenye vumbi, na vumbi lilipotulia mkono wake ulikuwa juu ya kituo. Uwanja ukapasuka. Nilimrukia babu yako shingoni. Yeye hakushangilia. Alikuwa anachungulia kati ya vichwa vya watu, anakitafuta kile kiatu kwa macho.

"Imeshika," akasema. Basi, hilo tu.

Hakujisifu siku hata moja. Watu wakimwuliza, alisema soli ilikuwa mbovu tangu dukani. Alikufa mwaka 1994 na hadithi yake mfukoni.

Sasa, Gaudencio. Huyu ni mtoto wa shangazi yangu, babu yako alikuwa mjomba wake. Siku ile alikuwa na miaka kumi na mitano na hakukanyaga Matanzas. Alikuwa kwao, Jovellanos hapa hapa, anaharisha. Alikula embe mbichi na chumvi mpaka tumbo likamkataa, akawa anakimbia uani kila dakika. Hizo ndizo mbio zilizopigwa na Gaudencio Jumapili ile.

Babu yako alipokwisha kuzikwa, uongo ukaanza kutambaa. Kwanza Gaudencio alikuwa jukwaani, mbali. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye uzio. Kisha akawa ndiye aliyeshika uzi, yaani mimi nikafutwa. Nilinyamaza. Nilisema, ni wanaume wa pale kwenye bustani ya mji, kila siku wanabishana besiboli mpaka mate yanakauka, acha wadanganyane. Kumbe nilikuwa namlea nyoka kwa maziwa. Mwezi uliopita redio ilipokuja kukusanya kumbukumbu za Swala, Gaudencio akasema alikishona yeye, kijana mdogo mwenye kipaji, na akalia. Unakumbuka alivyolia? Mtangazaji naye akalia.

Lakini kuna mahali pengine huenda hukupasikiliza vizuri. Alisema pembeni yake alikaa mzee mlevi wa Jovellanos aliyekuwa akimwomba ramu na kumsukuma kiwiko, nusura aharibu mshono.

Mzee mlevi huyo ni babu yako, Yanelys. Mtu aliyekunywa glasi moja tu Krismasi, nayo hakuimaliza.

Mji ukaandaa sherehe ya kumuenzi Swala, naye akaletwa kwa gari. Nilivaa gauni langu jeusi nikaenda. Ukumbi ulijaa watu wasiojua gongo la kupigia mpira linashikwa upande gani. Walikuja kwa ajili ya vile vijisanduku vya keki na saladi, na wengine walibeba viwili viwili chini ya kwapa. Gaudencio akaitwa jukwaani, nywele zimelowa mafuta. Swala, mzee sasa, mwembamba, mgongo umepinda, akafungua mikono. "Fundi wangu!" Wakakumbatiana, watu wakapiga makofi.

Nikasimama. "Gaudencio! Kiatu kilikuwa cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kulia, binamu," akajibu bila kumeza mate.

Mshereheshaji, kwa kutaka mchezo, akampa Swala kipaza sauti. Swala akatabasamu. "Cha kulia. Ndiyo, cha kulia."

"Ni uongo!" nikasema. "Wote wawili!"

Watu walicheka. Mwanamke wa nyuma yangu akanivuta gauni: "Hortensia, kaa chini mama, usitucheleweshee keki." Nilikaa. Sijawahi kuona kinyaa vile, na nimewahi kuosha maiti.

Baadaye nilimkuta Swala peke yake nyuma ya ukumbi, anakula keki kwa kijiko, krimu imemganda kwenye masharubu. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole, "Dada, mimi sikikumbuki hicho kiatu. Nakumbuka nilikimbia. Mwezi jana nilikuwa Colón, huko nako kulikuwa na mtu aliyekishona. Cárdenas walikuwa wawili, tena walitaka kupigana."

"Na wote ukawakumbatia?"

"Wote."

"Huoni kinyaa?"

Akafuta mdomo. "Naona. Lakini nikimwambia mtu mzima mbele ya mkewe kwamba hakuwepo, si ninamuua? Nikisema ndiyo, anafurahi, na mimi narudi nyumbani mapema." Kisha akaniuliza, "Baba yako alisema nini nilipokuja kumshukuru?"

"Hukuja. Walikubeba mabegani."

Kijiko kilibaki hewani.

"Yaani hata asante sikusema."

"Hukusema."

Akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akaniuliza jina la baba. Nikamwambia: Evaristo Quesada Mora. Akalirudia chini chini, kama mtu anayejifunza njia ya mji asioujua. Dereva akapiga honi, akaondoka na keki yake. Kama jina lile lilifika naye nyumbani, sijui. Nilitaka kumchukia vizuri, akanishinda.

Gaudencio ndiye hakunishinda.

Wiki ile ile wateja wangu wakaanza kupungua. Unajua mimi ndiye niliyebaki na benchi la babu yako, na nusu ya mji huu unatembea juu ya mishono yangu. Kumbe wote wamepeleka viatu kwa "fundi wa Swala"! Remedios, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alipita mlangoni pangu na sandali yake iliyokatika, akaenda mitaa mitatu kumpelekea mtu ambaye hawezi kufunga hata kamba za viatu vyake bila kukaa.

Alhamisi Gaudencio akaja mlangoni na gunia.

"Binamu wa damu yangu," akaanza, anatazama nyuma, "nifanyie hivi viatu. Watu wasijue."

"Nitakufanyia," nikasema. "Tena tutafanya pamoja."

Nikatoa benchi nje, kandokando ya barabara, mbele ya foleni ya mkate. Nikamkalisha. Nikampa sandali ya Remedios, nikampa na msharasi. Foleni nzima ikageuka, na Remedios mwenyewe alikuwemo. Gaudencio akaugeuza msharasi huku na huku, akachoma hewa, akachoma ukanda mahali pasipo na kazi.

"Gaudencio," Remedios akasema, "mbona unaushika kama unakula supu?"

"Mwangaza mbaya," akasema.

"Saa tisa mchana?"

Watu wakaanza kumzomea. Wengine walimwambia ajaribu kwa meno. Jasho likamtoka, akautupa msharasi chini. "Sikuwepo!" akapiga ukelele. "Nilikuwa nyumbani na tumbo! Alishona mjomba Evaristo. Haya, mmeridhika?"

"Na ulevi?" nikamwuliza. "Ulevi wa mjomba wako uliutoa wapi?"

Akajifunika uso. Akasema alililia lile lori asubuhi ile, akamwomba mjomba wake amchukue hivyo hivyo na tumbo lake, naye akasema hapana, akanichukua mimi, msichana. Akasema miaka yote hii hajapata kusahau lori lile likikata kona. Nitakuambia kweli, mwanangu, hapo nilimhurumia. Kisha akapenga kamasi kwenye mkono wa shati, akaniuliza kama bado nitamfanyia viatu vya watu, na huruma ikaisha.

Nilivifanya. Si kosa la viatu.

Ulidhani mambo yameishia hapo? Mmoja wa watu wa foleni ana mpwa wake redioni. Wamefurahi mno. Wamemwita Gaudencio tena Jumamosi hii, aeleze alivyowadanganya watu, na jana nimemwona bustanini anafanyia mazoezi pale atakapotoa machozi. Mimi, niliyeshika uzi, hawakuniita. Sauti yangu, wamesema, ni kali.

Msalimie Vicent, mwambie mapishi yake ya wali nimejaribu, maharage meusi yanakosekana. Mbusu mtoto kwenye unyayo, shangazi yako Caridad naye anakusalimu na kuuliza picha. Mungu awafunike mkilala na awatangulie mkiamka.

Jumamosi nitafungua redio. Akimtaja baba yangu kwa majina yake yote matatu, nitaizima kabla hajaanza kulia.

Ni mimi, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Shangazi yako Hortensia.