Mama Mkwe Amejua Kumlisha Shiku, Nami Naumia

Shangazi Ngendo, pokea salamu zangu kutoka Mweiga, naomba unisaidie kwa sababu nimefika mahali sijielewi. Mimi ni mama wa msichana wa miaka minne, Shiku, ambaye alizaliwa vizuri, akatembea, akaanza kusema mama na baba na kuita ng'ombe wetu "mbuu", halafu karibu na kutimiza miaka miwili maneno yakapotea moja baada ya jingine na mikono ikaanza kujisugua kila wakati kama mtu anayenawa, tukazunguka hospitali hadi tukaambiwa ni ugonjwa adimu wa ubongo unaoitwa Rett. Sasa hasemi, hawezi kushika kijiko, lakini Shangazi, macho yake! Akikutazama unajua umependwa.

Kumlisha ndiyo kazi. Wakati mmoja jirani alimpa kipande cha kiazi akapaliwa hadi midomo ikabadilika rangi, na tangu siku hiyo sikukubali mtu mwingine amlishe, hata baba yake Moffat, nikafunga kibanda changu cha kushona, nikaacha kwenda harusi, nikaacha hata kwaya. Mama ya Moffat, ambaye sisi wote tunamwita Cucu, alikuwa akiniambia, "Wachuka, hata wewe uko na mwili. Utaanguka hapa ati kwa sababu hutaki mtu ashike kijiko?"

Basi nikaanguka kweli. Tumbo lilinishika nikakimbizwa Nyeri, nikapasuliwa, na kule wodini sikulilia kidonda, nililia nikifikiria mtoto wangu anakufa njaa. Siku niliporudi nilimkuta jikoni ameketishwa wima kati ya mito, Cucu mbele yake na bakuli la viazi vilivyopondwa na maziwa vikawa laini kabisa, anamwonyesha kijiko, anamwonyesha kikombe, anangoja. Shiku akatazama kikombe. "Anataka maziwa," Cucu akasema, "huyu anaongea, ni vile hamkuwa mnangoja amalize." Na ni kweli, mimi nilikuwa namlisha haraka kwa woga, sikuwahi kumuuliza anataka nini. Nilifurahi, Shangazi, halafu nikaumia, kwa sababu nilisimama mlangoni nikiita jina lake na hakugeuka.

Kidonda kimepona sasa, na Cucu anataka nimwachie Shiku siku za soko nirudi kushona. Nimekataa. Nilimwambia Moffat naogopa mtoto atapaliwa, naye akaniangalia akauliza, polepole, "Unaogopa atapaliwa, ama unaogopa hatapaliwa?" Sijamjibu. Nifanye nini?

Mama Shiku, Mweiga

*

Mama Shiku mpenzi,

Mume wako alikuuliza swali, ukaona ni heri uniandikie mimi kuliko kumjibu. Jibu unalo. Unaogopa yote mawili, na hakuna dhambi hapo. Umembeba mtoto huyo peke yako kwa muda mrefu hadi umeanza kudhani uzito wake ndio mapenzi yenyewe.

Lakini hebu nikukemee kidogo. Hakugeuka kwa sababu alikuwa anakula! Nina wajukuu wenye afya tele ambao nikiingia na sahani iko mbele yao hawajui kama mimi ni mtu ama ni kiti. Usimbebeshe mtoto wa miaka minne kosa hilo. Na Cucu hajakunyang'anya kitu. Amekuonyesha kwamba binti yako ana la kusema. Mwanamke mwingine angepewa mama mkwe kama huyo angepiga magoti akashukuru, na wewe unamnunia.

Woga wako wa kupaliwa ni wa haki, kwa hivyo usiutupe, utumie. Kliniki ijayo nenda na Cucu na Moffat, mtaalamu awaone nyote watatu mkimlisha, awarekebishe: mtoto akae wima, chakula kiwe laini, na mjue la kufanya akipaliwa. Akianza kukohoa kila mara anapokula, au apate homa na kifua, apelekwe hospitali bila kungoja. Moffat naye asikae tu kuuliza maswali mazuri. Ashike kijiko.

Kisha ufungue kibanda. Anza na siku moja ya soko. Utalia ukifika, najua, lakini lia ukiwa umeketi kwenye cherehani. Na kabla hujaondoka mwambie Cucu kwa mdomo wako, "Asante, umenifundisha mtoto wangu." Haitakuua.

Jioni ukirudi nyumbani, nakuomba usiingie ukiuliza, "Amekula?" Vua viatu, keti karibu nao wawili, uulize, "Mmeshindaje?" Halafu mtazame Shiku, ungoje amalize kukujibu.

Shangazi Ngendo